“Hajui hesabu” si maelezo: dhana potofu kuhusu uwezo wa sasa wa mwanafunzi

Mpango wa elimu ya kibinafsi, unaoandikwa kwa kila mwanafunzi mwenye mahitaji maalum na ambao walimu wengi huuita IEP, huanza na sehemu inayoeleza mwanafunzi anaweza kufanya nini leo. Malengo ya muhula, vifaa na saa za mwalimu vyote hutoka hapo. Hata hivyo, ndiyo sehemu inayojazwa kwa pupa kuliko zote, mara nyingi kwa sentensi mbili ambazo zingemfaa mtoto yeyote wa kitengo maalum, awe Kasarani au Kibra.

“Ripoti ya daktari inatosha”

Ripoti hutaja hali: usonji, mtindio wa ubongo, uoni hafifu. Haisemi kama mtoto anaweza kufunga vifungo vya shati. Watoto wawili wenye usonji wanaweza kuketi dawati moja, mmoja akisoma gazeti kwa sauti bila kuelewa anachosoma, mwenzake akiwa hatamki neno lakini anapanga picha sita za kisa kwa mfuatano sahihi. Mipango yao haiwezi kufanana. Tathmini ya vituo vya EARC, yaani vituo vya kupima mahitaji ya kielimu ya watoto wenye ulemavu, ambavyo Kenya ilivianzisha 1984, husaidia kuamua mtoto asomee wapi na apate huduma gani. Mwalimu akishaipokea, bado ana kazi ya kupima yale atakayofundisha.

“Kiwango cha umilisi kinaeleza yote”

“Anakaribia matarajio”, mojawapo ya viwango ambavyo mtaala wa umilisi hutumia kupima wanafunzi, hueleza umbali tu. Mwalimu mpya akisoma maneno hayo, hatajua aanzie wapi Jumatatu asubuhi. Maelezo yanayofaa hubeba mambo manne: kitendo kinachoonekana, mazingira kinapofanyika, kiasi cha msaada, na hesabu ya mara ngapi amefaulu.

Chukua pesa, kwa kuwa ni lengo la kawaida kwa wanafunzi wa ngazi ya kabla ya ufundi, yaani wanaoandaliwa kwa mafunzo ya kazi. “Hajui pesa” haifai. Linganisha na hili: “Akiwekewa sarafu nne mezani, huchagua ya shilingi 10 na ya 20 bila msaada, mara 9 kati ya 10, kwa siku tatu tofauti. Hutambua sarafu mpya pekee. Ya 5 na ya 1 huzichanganya. Hawezi kujumlisha sarafu mbili.” Sasa kuna pa kuanzia.

Neno “mpya” hapo si pambo. Sarafu zilizotolewa mwishoni mwa 2018 zina wanyama: twiga kwenye 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10, ndovu kwenye 20. Mtoto anayetambua kwa simba atashindwa ukimpa sarafu ya zamani yenye kichwa cha rais, nawe utaandika kwamba hajui shilingi kumi. Lugha nayo hudanganya. Ukimwambia “nipe shilingi ishirini” akaduwaa, jaribu “nipe mbao”, jina la mtaani la shilingi ishirini. Akikupa, anazijua, hajazoea tu jina ulilotumia. Andika umepima kwa lugha ipi, na kama ni Lugha ya Ishara, andika nani alikuwa akiashiria.

Katika kusoma, hesabu makosa kisha uyatazame. “Husoma maneno 20 kwa dakika, 14 sahihi” ni mwanzo mzuri, lakini huenda yale 6 yote yana mb, ng’ au nyw, na silabi za ba, ma, ka hazimsumbui hata kidogo. Lengo linalofuata tayari limejionyesha.

“Akisaidiwa, haihesabiki”

Huu ndio upotofu unaowanyima watoto wengi sifa wanazostahili. Msaada una ngazi, nazo zinaandikika: anafanya peke yake, anakumbushwa kwa neno, anaonyeshwa mfano, anaguswa mkono kuanzisha, anashikwa mkono mwanzo hadi mwisho. Mtoto aliyeanza muhula akishikwa mkono kunawa, akaumaliza kwa kukumbushwa “sabuni” tu, amepiga hatua kubwa, ingawa mwenye kuandika “hawezi” angeandika vivyo hivyo mara zote mbili. Kunawa kwenyewe kugawe: fungua mfereji, lowesha, chukua sabuni, sugua, suuza, funga mfereji, kausha. Katika hatua saba hizo, tia alama ya ngazi ya msaada kwa kila moja. Mara nyingi utakuta ni hatua moja au mbili tu zinazokwama.

Miwani, kifaa cha kusikia na mashine ya breili si msaada wa kupunguziwa alama. Avitumie wakati wa kupimwa. Hakikisha kwanza kwamba betri ya kifaa cha kusikia ina moto. Betri iliyokufa imewahi kuandikwa kama “hafuati maagizo”.

“Siku moja ya kupima inatosha”

Haitoshi. Mtoto anayetumia dawa za kifafa anaweza kusinzia asubuhi na kuchangamka baada ya chai ya saa nne. Pima siku tatu, kwa nyakati tofauti, na uandike saa. Matokeo yakitofautiana sana, usiyafanyie wastani. Yaandike jinsi yalivyo, maana tofauti hiyo ni habari.

“Mzazi ataongezea chumvi”

Wachache huongeza, ndiyo. Wengi hupunguza. Tatizo huwa kwenye swali: ukiuliza “anaendeleaje nyumbani?” utajibiwa “vizuri, mwalimu”. Uliza badala yake: jana jioni alivaa nini mwenyewe? Akitaka maji, anafanyaje? Akitumwa kioski, anarudi na nini? Anayoyafanya nyumbani lakini hayafanyi shuleni yaandike kwa kutaja mahali, usiyafute.

“Kazi ni kuorodhesha kasoro”

Lengo hujengwa juu ya kinachowezekana, kwa hiyo anza na anachokiweza na anachokipenda.

“Ikishaandikwa, imeandikwa”

Kila mwisho wa muhula pima tena kwa kipimo kilekile. Kama mwanzo ulihesabu mara 10 kwa sarafu nne, usije ukahesabu mara 5 kwa sarafu mbili, halafu ukatangaza maendeleo. Na lengo litumie kipimo hicho hicho: kutoka “9 kati ya 10 kwa sarafu za 10 na 20” kwenda “8 kati ya 10 kwa sarafu zote nne, mpya na za zamani, kufikia mwisho wa muhula wa pili”.