Je, wajua? Naibu wa Ireland Kaskazini si naibu wa mtu

Tarehe 3 Februari 2024, Michelle O'Neill wa chama cha Sinn Féin alishika cheo cha Waziri wa Kwanza wa Ireland Kaskazini. Chama chake kinataka eneo hilo litoke Uingereza liungane na Jamhuri ya Ireland, na hakuna mtu wa upande huo aliyewahi kukishika cheo hicho kabla yake. Emma Little-Pengelly wa DUP, chama kinachotaka kubaki Uingereza, akawa Naibu Waziri wa Kwanza.

Niliposoma habari ile nilihitimisha mara moja: waliokuwa chini sasa wako juu, na wa juu wameshushwa. Nikamweleza na mwenzangu mmoja, kwa uhakika wote wa mtu aliyesoma vichwa vya habari viwili. Nilikuwa nimekosea. Kimamlaka, O'Neill hakupanda hata ngazi moja siku ile. Alikuwa Naibu tangu Januari 2020 hadi Februari 2022, na kila alichoweza kukifanya akiwa Waziri wa Kwanza aliweza kukifanya akiwa Naibu. Alichokuwa hawezi bado hakiwezi.

Kilichonipoteza ni neno lenyewe. Kwetu naibu ni mtu wa kukaimu: bosi akisafiri anashika usukani, bosi akirudi anaachia. Waziri ana naibu waziri, mkurugenzi ana naibu mkurugenzi, na hakuna anayeuliza nani anamwamuru nani. Kwa hiyo ukiambiwa "Waziri wa Kwanza na naibu wake", tayari umeshapotoshwa na hilo "wake". Naibu huyu hateuliwi na Waziri wa Kwanza wala hawezi kufukuzwa naye. Hamripoti. Wanalipwa mshahara ulio sawa. Ofisi yao kisheria ni moja, ya watu wawili, na uamuzi wa ofisi hiyo unataka ridhaa ya wote wawili. Hata ile picha ya "makamu anayesubiri kurithi" haifai, maana mkuu akiondoka naibu harithi chochote, yeye naye anapoteza kiti. Hapa ndipo nilipoanza kuupenda mfumo huu, jinsi mtu anavyopenda saa ya ajabu inayokwenda kinyume.

Nilijaribu kwanza kuufananisha na sanduku la fedha la kikoba lenye kufuli mbili. Funguo ziko kwa watu wawili tofauti, na mmoja asipokuja sanduku halifunguki, hata huyo mwingine awe mwenyekiti na wanachama wote wawe wamekaa wanasubiri. Mfano huu unaeleza vizuri namna maamuzi yanavyopita, lakini unaishia njiani. Mshika ufunguo mmoja akisusa, yule mwingine bado ni mshika ufunguo. Stormont, yaliko makao ya bunge na serikali jijini Belfast, haiko hivyo.

Mfano wa maksai wawili waliofungwa nira moja unakaribia zaidi. Kila mmoja ana miguu yake na anaweza kumchukia mwenzake kwa moyo wote, lakini jembe ni moja. Maksai wa kushoto akilala chini, yule wa kulia hawezi kuendelea kulima polepole peke yake. Shingo yake inavutwa chini kwa mti uleule, na shamba linasimama. Haijalishi ni yupi aliyetajwa wa kwanza wakati wa kuwafunga.

Mwaka 2017 maksai mmoja alilala. Serikali ilikuwa na mpango wa kuwapa ruzuku waliotumia nishati jadidifu kupasha joto majengo, na viwango vilipangwa vibaya kiasi kwamba kuchoma kuni za vidonge kulilipa zaidi ya gharama ya kuni zenyewe. Wenye akili ya biashara wakachoma. Arlene Foster wa DUP, aliyekuwa Waziri wa Kwanza, ndiye aliyekuwa waziri wa biashara mpango ulipoanzishwa mwaka 2012, na alikataa kukaa pembeni kupisha uchunguzi. Naibu, Martin McGuinness wa Sinn Féin, akajiuzulu tarehe 9 Januari 2017. Foster hakujiuzulu wala hakufukuzwa, ila kiti chake kiliondoka pamoja na cha McGuinness. Sinn Féin haikuteua mwingine, uchaguzi ukaitishwa, na eneo likakaa karibu miaka 3 bila mawaziri, watumishi wa umma wakiendesha idara.

Mwaka 2022 akalala wa upande wa pili. Paul Givan wa DUP alijiuzulu uwaziri wa kwanza tarehe 3 Februari akipinga mpango wa forodha wa baada ya Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, na O'Neill, wakati huo Naibu, akaanguka naye. Miaka miwili kamili baadaye, tarehe ileile, ndipo serikali iliporudi.

Kwa nini mtu ajenge kitu kinachovunjika kirahisi namna hii? Historia yake ni ndefu, nitaikata. Ireland ilipogawanywa mwaka 1921, sehemu ya kaskazini ilipata bunge lake chini ya utaratibu tunaoujua sote: wengi wape. Shida ni kwamba wengi walikuwa walewale kila mara. Chama kimoja cha wanamuungano, wengi wao Waprotestanti, kiliongoza kuanzia 1921 hadi London ilipolisimamisha bunge hilo mwaka 1972, na wazalendo wa Ireland, wengi wao Wakatoliki, hawakuonja zamu hata moja. (Mzalendo hapa ni jina la upande, na mwanamuungano naye anaipenda ardhi ileile.) Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mkataba wa amani uitwao Mkataba wa Ijumaa Kuu, wa tarehe 10 Aprili 1998, mapigano yaliua zaidi ya watu 3,500. Waliouandika mkataba waliogopa serikali ya upande mmoja kuliko walivyoogopa kukosa serikali kwa muda. Ukiukubali woga huo, nira inaeleweka.

Mwanzoni wawili hao walichaguliwa pamoja, kama jozi, na jozi ilihitaji wingi wa kura kwa wanamuungano na kwa wazalendo pia. Kila mjumbe wa bunge hujiandikisha: mwanamuungano, mzalendo au "mwingine". Novemba 2001 David Trimble, mwanamuungano wa chama cha UUP aliyetaka Uwaziri wa Kwanza, alikosa wingi wa wanamuungano kwa tofauti ndogo sana. Siku nne baadaye wajumbe kadhaa wa Alliance, chama kisichotaka kuwa upande wowote, wakajiandikisha kuwa wanamuungano kwa ajili ya kura ile, na Trimble akapita pamoja na naibu, Mark Durkan wa SDLP, chama cha wazalendo.

Mabadiliko yaliyotokana na makubaliano ya St Andrews ya 2006 yaliondoa kura hiyo, na hivyo Ian Paisley wa DUP na McGuinness waliweza kukaa ofisi moja mwaka 2007 bila yeyote kumpigia mwenzake kura. Sasa chama chenye viti vingi kuliko vyote kinateua Waziri wa Kwanza, na chama kikubwa cha upande wa pili kinateua Naibu. Kwa maneno mengine, cheo kisichozidi kingine kwa lolote kikageuzwa zawadi ya mshindi. Kampeni zikapata hoja mpya: tupeni kura, la sivyo wale watachukua uwaziri wa kwanza. Mwaka 2017 DUP ilipata viti 28 na Sinn Féin 27. Mwaka 2022 Sinn Féin ikabaki na 27, DUP ikashuka hadi 25.

Wapo wanaosema DUP iligoma miaka miwili kwa sababu haikutaka kushika unaibu O'Neill akiwa Waziri wa Kwanza. Chama chenyewe kilisema sababu ni forodha. Nia za watu hazipimwi kwa mizani, lakini Givan alijiuzulu miezi mitatu kabla ya uchaguzi wa Mei 2022, wakati cheo kikubwa kikiwa bado mikononi mwa DUP. Jina la kiti huenda liliongeza ugumu wa kurudi. Kuondoka halikukusababisha.

Na lina uzito wake hilo jina. Katika Kiingereza cha sheria, "Waziri wa Kwanza" huandikwa kwa herufi kubwa na neno la "naibu" huanza kwa herufi ndogo. Sinn Féin iliposhika unaibu ilipenda kusema "Waziri wa Kwanza mwenza", na DUP ikisisitiza naibu. Tangu Februari 2024, herufi ndogo iko kwa DUP.