Je, Wajua? Kwa Nini Macho Mazima Yanaweza Kutazama Picha na Yasiione

Katika jumba la sanaa la National Gallery, London, imetundikwa picha ya wanaume wawili waliosimama, huyu upande huu na yule upande ule wa rafu iliyojaa vitu. Hans Holbein aliichora mwaka 1533, na siku hizi inajulikana kama picha ya Mabalozi. Ni kubwa: inapita mita mbili kwenda juu, na hivyohivyo kwenda upande. Yeyote mwenye macho mazima ataona manyoya ya joho, zulia, tufe la dunia, vifaa vya kupimia jua na nyota, na ala ya muziki ya jamii ya udi. Atasema, "Bwana huyu alijua kuchora." Atakuwa amesema kweli, lakini picha bado hajaiona.

Irudie ile ala. Uzi wake mmoja umekatika. Mchoraji aliyekuwa na subira ya kuchora manyoya unywele kwa unywele hakuukata uzi huo kwa bahati mbaya. Kwa Wazungu wa zama zile, ala iliyolinganishwa nyuzi zake ilikuwa alama ya maelewano, na uzi uliokatika ulikuwa alama ya mfarakano. Karibu yake kimefunguliwa kitabu cha nyimbo za Kilutheri. Sasa kumbuka mwaka: 1533. Martin Luther, mwanzilishi wa madhehebu hayo ya Kilutheri, alikuwa ameshaachana na Kanisa Katoliki la Roma, na Mfalme Henry VIII wa Uingereza alikuwa akivutana na Papa juu ya ndoa yake. Mmoja wa wanaume wale, Jean de Dinteville, alikuwa balozi wa Ufaransa huko London katika siku hizohizo. Uzi ule mwembamba umebeba ugomvi wa bara zima, na asiyejua anaupita kama anavyopita ufa wa ukutani.

Ndiyo sababu elimu ya sanaa haiwezi kuishia kwenye penseli na brashi. Jicho hupokea mwanga, lakini yale tuliyokwisha kuyajua ndiyo yanayoliongoza litue wapi. Kujua alama, hadithi, imani na desturi zilizomo ndani ya kazi ya sanaa ndiko tunakokuita uelewa wa utamaduni. Mwanahistoria wa sanaa Erwin Panofsky aliueleza mwaka 1939 kwa mfano mwepesi sana: mtu anakutana nawe njiani anavua kofia. Macho yanaona mkono umepanda na kofia imenyanyuka, basi. Kwamba hiyo ni salamu, lazima uwe umefundishwa. Na kwamba salamu hiyo ilitokana na wapiganaji wa zamani waliovua kofia zao za chuma kuonyesha kwamba wamekuja kwa amani, hilo lina somo lake tena.

Wakati mwingine utamaduni haumo kwenye alama hata kidogo. Umo kwenye mwendo wa jicho lenyewe. Chukua lile wimbi kubwa la Katsushika Hokusai wa Japani, lililochapwa kwa mbao za kuchonga karibu mwaka 1831. Aliyezoea kusoma kutoka kushoto huanza na wimbi, akaporomoka nalo hadi kwenye mashua. Lakini Wajapani wa wakati wa Hokusai walisoma kutoka kulia. Wao walianza na mashua, wakawa pamoja na wapiga makasia walioinama, kisha wakakutana na wimbi uso kwa uso. Jaribu kuigeuza picha hiyo kama inavyoonekana kwenye kioo. Tisho linabadilika kabisa, na hakuna mstari hata mmoja ulioongezwa. Halafu kuna kile kilima kidogo cheupe katikati, ambacho wengi hudhani ni wimbi jingine. Huo ni Mlima Fuji, mlima mtakatifu, na mfululizo mzima ambao picha hii imetoka ulikuwa wa kuuonyesha mlima huo.

Hapa lakini kuna shimo ambalo walimu wengi tunatumbukia. Mwaka 1987 Mmarekani E. D. Hirsch alitoa hoja kwamba msomaji hawezi kuelewa maandishi bila hazina ya mambo ambayo jamii inayachukulia kuwa yanajulikana, akaambatanisha orodha ya maelfu ya majina na misemo. Hoja yake ina nguvu. Orodha ndiyo iliyozua zogo, kwa kuwa wengi waliuliza ni utamaduni wa nani uliopewa nafasi kubwa. Nakubaliana nao, na darasani nina sababu nyingine. Mwanafunzi aliyekariri kwamba "uzi uliokatika ni mfarakano" kabla ya kuuona ule uzi hatautafuta tena kwa macho yake. Anajua jibu la swali ambalo hajawahi kuuliza. Hali ni hiyohiyo anapopewa boksi akate "kinyago cha Kiafrika" bila kuambiwa ni cha watu gani, kilivaliwa na mavazi gani, kilichezwa kwa ngoma ipi. Anatoka na uso wa karatasi tu.

Kwa hiyo mpangilio una uzito: macho kwanza, maelezo baadaye, na maelezo yaje pale mwanafunzi anapokwama.

Turudi kwa Holbein, maana picha yake yenyewe inafundisha hivyo. Chini, mbele ya miguu ya wale mabwana, kuna kitu kirefu cha kijivu kilicholala mshazari kama doa lililoburuzwa. Mpe mwanafunzi nakala iliyochapwa kwenye karatasi na umwache ahangaike nacho. Kisha mwambie ailaze karatasi, asogeze jicho hadi ukingoni upande wa kulia, aitazame picha kwa ubavu. Doa linajikusanya na kuwa fuvu la kichwa. Atashtuka, kisha atauliza mwenyewe: limewekwa la nini, katikati ya joho na ala za muziki? Mweleze sasa jinsi wachoraji wa wakati ule walivyowakumbusha matajiri kwamba watakufa. Akishakaa na jambo hilo kidogo, mwonyeshe kona ya juu kushoto, kwenye ukingo wa pazia la kijani, ambako kuna msalaba mdogo wa fedha, nusu yake imefichwa na kitambaa.