Mike Munchak: fundi wa miguu na mikono

Anayetazama futiboli ya Kimarekani kwa mara ya kwanza huufuata mpira kwa macho, na kwa sababu hiyo hawaoni wale watu watano wenye miili mikubwa waliojipanga mbele ya kwotabeki, mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi. Kazi yao ni kuzuia, na mara nyingi namba ya mmoja wao husikika uwanjani pale tu anapoadhibiwa kwa kumshika mpinzani. Mimi hufundisha vijana wa nafasi hizo katika shule moja ya sekondari hapa Marekani, na wanaponiuliza wajifunze kwa nani, huwatajia Mike Munchak.

Alizaliwa Scranton, Pennsylvania, mwaka 1960, akachezea Chuo Kikuu cha Penn State, na mwaka 1982 Houston Oilers wakamchukua akiwa wa nane katika uteuzi wa wachezaji wapya, nafasi ya juu mno kwa gadi, yaani mmoja wa wale watano wa mbele. Alidumu na timu hiyo moja hadi 1993, akaitwa Pro Bowl, mchezo wa nyota wa ligi, mara tisa, na mwaka 2001 akaingizwa katika Ukumbi wa Heshima ulioko Canton, Ohio. Linalonivutia zaidi ni lililofuata baada ya kustaafu, kwa maana mtu wa hadhi yake hakudai cheo: mwaka 1994 alianza kama msaidizi wa kawaida katika benchi la ufundi la Oilers, na akakabidhiwa mstari wa ushambuliaji, yaani wale watano, mwaka 1997, timu ilipohamia Tennessee.

Kazi yenyewe ni ya miguu kwanza. Kijana mwenye nguvu hupenda kuinama na kumvamia mpinzani, lakini kichwa kikishatangulia magoti, mpinzani mjanja humvuta tu, akampita, naye akabaki kifudifudi. Kwa hiyo namfundisha arudi nyuma kwa hatua fupi, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, kisha mikono ipige kifuani, viwiko vikiwa vimebana mbavuni. Mikono ikitawanyika hadi nje ya mabega, refa hurusha kitambaa cha njano na timu hurudishwa yadi 10. Tena haitoshi mmoja kuyajua hayo, kwa kuwa wanne wakizuia vizuri na wa tano akikosea, kwotabeki anaangushwa vilevile.

Mwaka 2009 Chris Johnson wa Tennessee alikimbia na mpira yadi 2,006 katika msimu mmoja. Sifa zilimwendea yeye, na alizistahili, ila njia alizopita zilifunguliwa na mstari wa Munchak. Ukocha mkuu, alioupata mwaka 2011, haukumnyookea: misimu mitatu, ushindi 22, vipigo 26, kisha akaondolewa. Sioni kwamba alishindwa ukocha. Naona aliondolewa kwenye karakana akawekwa ofisini.

Alirudi karakanani huko Pittsburgh mwaka 2014, na huko ndiko alikomkuta Alejandro Villanueva, mwanajeshi aliyekuwa amepigana Afghanistan, mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, ambaye Philadelphia walikuwa wamemjaribu katika safu ya ulinzi kisha wakamwacha. Alikaa msimu mzima katika kikosi cha mazoezi akifundishwa kazi iliyo kinyume na ile aliyojaribiwa, maana aliyezoea kushambulia sasa alitakiwa kusubiri ashambuliwe. Mwaka 2015 aliingia upande wa kushoto baada ya mwenzake kuumia, akaishika nafasi hiyo, na akaitwa Pro Bowl mwaka 2017 na 2018.

Denver, alikohamia mwaka 2019, Munchak alimkuta Garett Bolles, ambaye mashabiki wa nyumbani walikuwa wamechoshwa na adhabu zake za kushika wapinzani. Ugonjwa wa mikono kama huo ninaujua, na dawa yake huanzia miguuni, kwani anayechelewa kwa hatua ndiye anayelazimika kushika. Katika msimu wa 2020, Bolles alitajwa katika kikosi cha pili cha wachezaji bora wa ligi nzima.