Kwa nini rangi ya mdomo ya kijani huacha pinki?

Kwenye meza za vipodozi za soko la Kenya (komini, yaani wilaya ya mji, ya Lubumbashi huko Kongo, si ile nchi) huwa kuna kijiti cha kijani ambacho ukikipaka, midomo inageuka pinki. Wapo wanaoamini kwamba kinasoma moyo wa anayekipaka: amependa, amekasirika, ana wivu.

Hakisomi chochote. Ule ukijani ni rangi hafifu ya kukipendezesha kijiti, inayofutika mara moja. Wala si malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, enyi watu wa Katanga! Mwenye kazi ni rangi nyingine, ya jamii ya eosini (rangi nyekundu za kiwandani), ambayo mara nyingi huandikwa CI 45410 kwenye boksi; CI ni orodha ya kimataifa ya namba za rangi. Ikiwa ndani ya mafuta na nta, pasipo maji, molekuli yake imejifunga na karibu haina rangi. Ikifika mdomoni inakuta unyevu na uasidi tofauti, inafunguka, inaanza kunyonya mwanga wa kijani, nasi tunaona pinki. Kisha inashikamana na protini za ngozi. Ndiyo maana unamaliza bukari (ugali) na samaki, unapangusa mdomo, na pinki bado ipo. Tofauti ndogo kati ya mtu na mtu hutokana zaidi na rangi ya midomo yenyewe.

Rangi za jamii hii haziyeyuki vizuri katika kila mafuta. Mafuta ya nyonyo huziyeyusha, tena ni mazito na hung'aa, kwa hiyo viwanda vimeyapenda tangu zamani. Kijiti kinasimama kwa nta: ya nyuki, inayoyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, na ya kanauba, kutoka majani ya mti wa Brazili wa jamii ya mchikichi, inayovumilia zaidi ya 80. Joto la Oktoba likizidi, mafuta huchuruzika juu ya kijiti kama jasho. Hakijaoza, kiweke kivulini.

Na nyekundu za kawaida? Nyingi zina oksidi ya chuma, CI 77491, ileile inayotia wekundu vumbi la barabara zetu, ila ya vipodozi hutengenezwa kiwandani kwa sababu ya udongoni huweza kuja na sumu kama madini ya risasi au aseniki. Nyingine zina kamini, CI 75470, inayotolewa kwa wadudu wadogo wanaofugwa juu ya dungusi kakati, hasa nchini Peru. Asiyetaka kupaka mdudu aitafute namba hiyo kabla ya kulipa.