Leso isiyokatwa: maswali kuhusu jeni ya RMRP

Mpwa wangu hapa Kisauni ana miaka mitano ila anavaa nguo za mtoto wa miwili. Nywele zake ni chache, laini mno, msusi hapati pa kushika. Daktari ametaja RMRP. Ndiyo nini?

Ni jina la jeni, dada. Chukua mfano wa leso. Doti ikitoka dukani, leso mbili zimeungana. Usipozikata na kuzipinda, hutajifunga moja ukajitanda nyingine. Ndani ya seli, RNA (nakala inayotolewa kwenye jeni) ya kuundia ribosomu, yaani viwanda vya protini, nayo hutoka ndefu, imeungana. Kimeng'enya kiitwacho RNase MRP huikata. Kinachonishangaza kila mara: kiini cha mkasi huu chenyewe ni RNA, si protini kama vimeng'enya vingi, na jeni ya RMRP ndiyo inayokitoa. Protini kadhaa hukizunguka tu.

Jeni ikiwa na kasoro, ukataji hulegea. Huumia zaidi seli zinazogawanyika upesi: gegedu za ncha za mifupa, mashina ya nywele, chembe za kinga. Ndio ugonjwa uitwao kwa Kiingereza cartilage-hair hypoplasia.

Lakini watoto wengi wafupi hawana ugonjwa huu. Picha ya eksirei na kipimo cha jeni ndivyo vitakavyothibitisha.

Uligunduliwa wapi?

Daktari Victor McKusick aliueleza mwaka 1965 miongoni mwa Waamishi, jamii ya Kikristo ya Marekani. Wafini nao wanao zaidi ya wengine. Jeni ilijulikana 2001.

Bibi yake asema ni jicho la hasidi. Wengine wamlaumu mama.

Mama peke yake hawezi kuurithisha. Lazima baba naye awe na nakala moja yenye kasoro, na wote wawili huwa wazima kabisa. Kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuugua; kifungua mimba akitoka salama, hesabu ya wa pili haibadiliki. Ndoa ya binti ami huongeza uwezekano, kwa kuwa babu ni mmoja.

Tumlindeje?

Kinga yake ipimwe kwanza. Iwapo ni dhaifu, chanjo zenye vijidudu hai, kama ya surua, zaweza kumdhuru. Daktari ndiye aamue, msizikatize wenyewe. Kupandikiza uboho kunaweza kurekebisha kinga, kimo hakirefuki.

Tetekuwanga ndiyo ninayoihofia. Ikiingia madrasa anakosoma, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hana kipele kimoja.