Chujio la masizi katika gari la dizeli na safari fupi za mjini

Magari mengi ya dizeli yanayoingia Mbeya yakiwa yameshatumika nje huwa na chujio la masizi kwenye njia ya moshi. Barani Ulaya chujio hili lilikuwa kifaa cha kawaida baada ya Euro 5, kiwango cha Ulaya cha usafi wa moshi wa magari, kuanza mwaka 2009. Mwenye gari huanza kulitambua siku taa yake inapowaka kwenye dashibodi, na mara nyingi gari huwa halina ubovu wowote, ila safari zake ni za mitaa ya humu mjini tu: Soweto, Mwanjelwa na Kabwe.

Chujio ni kipande cha kauri chenye vijitundu vingi kama sega la nyuki, na kila kijitundu kimezibwa upande mmoja, hivyo moshi hulazimika kupenya kwenye kuta zake na kuyaacha masizi. Masizi hayo ni lazima yaungue. Moshi ukiwa na joto la nyuzi 250 hadi 400 hivi, huungua polepole yenyewe. Joto hilo lisipopatikana, sensa huiarifu kompyuta ya gari kwamba chujio limeelemewa, nayo huongeza dizeli kidogo hadi joto likaribie nyuzi 600. Kazi hiyo huhitaji dakika 10 hadi 20 za mwendo usiokatika.

Asubuhi ya Juni, kwa baridi yetu, dereva hufika kazini injini haijashika moto sawasawa, akazima. Masizi hubaki, na sehemu ya dizeli iliyoongezwa huteremkia kwenye oili. Ukichomoa kijiti cha oili ukakuta oili imepanda juu ya alama, usifurahi kwamba injini yako hailambi oili: oili hiyo imeshachanganyika na dizeli na imepungua nguvu ya kulainisha, kwa hiyo imwage mapema.

Anayesafiri Uyole hadi Makambako hasumbuliwi na hayo, na mlima kama Kitonga, ukiupanda kuelekea Iringa, hulipa chujio joto zuri, ingawa kuuteremka kwa gia nzito hulipoza. Wa mjini namshauri atoke walau mara moja kwa wiki, aende mwendo wa kutulia hadi Igurusi na kurudi. Asiyeweza kabisa, kwa maoni yangu, anunue gari la petroli. Ukisikia harufu ya moto na feni ikivuma kwa nguvu, ujue chujio linaunguza masizi: usizime injini, wala usiegeshe juu ya nyasi kavu.

Nawasihi sana msikubali chujio litobolewe. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliutaja moshi wa dizeli kuwa chanzo cha saratani kwa binadamu, na wanaouvuta ni watoto waliosimama kituoni. Unaponunua gari, pitisha kitambaa cheupe ndani ya mdomo wa ekzosi iliyopoa. Kikitoka cheusi tii, uliza chujio liko wapi.

Yapo pia majivu ya oili, ambayo hayaungui kwa joto lolote la barabarani. Hayo hupunguzwa kwa kutumia oili yenye majivu machache iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, na yakijaa, chujio hufunguliwa na kusafishwa kwa mashine.