Maneno 40 ya Kusema Maji Yatakatika

Chukua tangazo la aina tunayokutana nayo kila mara kwenye mbao za matangazo: “Wateja wote mnaarifiwa kwamba kutakuwa na zoezi la kufanya matengenezo ya bomba kuu ambalo linatarajiwa kufanyika siku ya Jumamosi, hivyo basi huduma ya upatikanaji wa maji itakuwa haipo kuanzia muda wa saa mbili asubuhi hadi muda wa saa kumi jioni.” Hayo ni maneno 40, na anayeyasoma akiwa na ndoo mkononi hana budi kufika neno la 28, “haipo”, ndipo ajue kwamba maji yatakatika. Njiani ameshakwazwa na “ambalo”, kwa kuwa bomba na zoezi ni za ngeli moja.

Sasa lisome hivi: “Jumamosi maji hayatatoka saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Tunatengeneza bomba kuu. Tekeni mapema.” Yamebaki maneno 15, na limeongezeka agizo ambalo tangazo la kwanza, pamoja na urefu wake, lililisahau.

Kilichotolewa zaidi ni nomino zilizomeza vitenzi. Siku hizi watu hawahesabiwi, bali hufanyiwa zoezi la kuhesabiwa. Barabara hazikarabatiwi, bali huingia katika mchakato wa ukarabati. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mengi peke yake: “hayatatoka” ina ukanushi, wakati ujao na kiambishi cha maji, vyote katika neno moja. Mwandishi anapokigeuza kuwa nomino, hulazimika kuita “la”, “ya” na “wa” wabebe mzigo uliokuwa umeshabebwa. Vivyo hivyo, “bomba ambalo limepasuka” halizidi kitu “bomba lililopasuka”.

Kwenye simu, urefu huo una bei. Ujumbe mmoja wa kawaida hubeba herufi 160, nafasi na alama zikihesabiwa, kwa hiyo tangazo la kwanza linahitaji jumbe mbili na la pili linatoshea katika mmoja. (Wenye kuandika “ng’ombe” wajihadhari: ritifaa iliyopinda, yaani alama hiyo inayofuata “ng”, ikitumwa jinsi ilivyo, hushusha kikomo hicho hadi 70.)

Hata hivyo, si kila neno linalokatika likatwe. Salamu katika barua kwa mzee wa mtaa si nyama ya ziada. Akiikosa, huenda asisome kilichobaki kwa moyo mweupe. Hatari zaidi ni ufupisho unaoeleweka na mwandishi pekee. Bahasha ya dawa iliyoandikwa “1 x 3” ni fupi mno, na mtoa dawa anajua maana yake, lakini mgonjwa aliyefika nyumbani na homa anaweza kumeza vidonge vitatu kwa mara moja. Aandikiwe: “Kidonge kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku.” Ni maneno saba, na hakuna hata moja la kupunguza.